Kabla ya Kufungua Injini

Injini nyingi zinazokufa Bujumbura haziuawi na hitilafu yenyewe. Zinauawa na kilomita zilizoendeshwa baada ya hitilafu kujitangaza. Mwenye gari anasikia mlio mgeni Jumatatu, anaongeza sauti ya redio, anasema atampitia fundi akipata nafasi. Ijumaa gari linavutwa kwa kamba hadi mtaa wa Asiatique, na mahali ambapo siku chache nyuma zingetosha lita kadhaa za oili na chujio jipya, sasa anatajiwa bei ya injini nzima.

Naandika kwa ajili ya watu wanaokula kutokana na gari: mwenye Probox inayopandisha abiria Kayanza na Ngozi, mwenye Corolla ya teksi, mama aliyemwajiri dereva na hajui akiletewa habari ya "injini imenoki" aamini au asiamini. Hao wote hawahitaji kuwa mafundi. Wanahitaji kujua mlio upi unavumilika hadi Jumamosi na upi hauvumiliki hata dakika tano.

Asiatique ina faida moja kubwa. Mtaa huu, ambao enzi za Usumbura ya Wabelgiji ulikuwa wa wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, bado ni mahali pa maduka na maghala, na mtaa wa Buyenzi upo jirani, pamoja na mafundi wake wanaozungumza Kiswahili cha nyumbani na kutengeneza magari kando ya avenyu zenye nambari. Spea na fundi viko karibu. Hasara yake ni hiyo hiyo: kwa kuwa spea iko jirani, watu hununua kwanza, ugonjwa hutafutwa baadaye. Koili zinabadilishwa, plagi zinabadilishwa, pampu ya mafuta inabadilishwa, na mlio uko pale pale.

Kosa hilo huanzia kwenye mazungumzo ya mwanzo kabisa.

"Fundi, gari inalia."

"Inalia ukiwasha asubuhi, mama, au ikishapata moto?"

"Inalia tu."

Kwa jibu hilo fundi hana pa kuanzia, na fundi asiye na pa kuanzia hufungua. Kwa hiyo kabla hujaenda kwake, lisikilize gari lako mwenyewe. Je, mlio unatokea injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Gari likiwa limesimama, au likiwa na mzigo mlimani? Ukiweka gia huru ukakanyaga mafuta, mlio unafuata mwendo wa injini? Kama haubadiliki ukikanyaga, lakini unabadilika kasi ya gari inapobadilika, tatizo huenda halipo kwenye injini kabisa. Tafuta kwenye biringi za magurudumu, matairi au ekseli. Kama unabadilika ukikanyaga klachi, tazama klachi na gia boksi. Maswali haya hayagharimu faranga hata moja, na yanaweza kukuokolea kazi ya siku nzima.

Sasa tuingie kwenye milio yenyewe, tukianza na ule unaopaswa kukuogopesha. Ni mlio mzito, wa chini, ko-ko-ko, unaotoka kwenye tumbo la injini, unaokwenda sambamba na mzunguko wake na kukua ukikanyaga mafuta. Mara nyingi asubuhi unasikika kidogo kwa sababu oili bado ni nzito, kisha injini ikipata moto unakuwa wazi. Huo ni mlio wa konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki. Kati ya mkono huo na krenki kuna biringi mbili nyembamba za nusu duara, na kati ya biringi na chuma kuna utando wa oili tu. Utando huo ukikatika, chuma kinakutana na chuma, nafasi inapanuka, na kila pistoni inaposukumwa chini mkono unagonga.

Fundi mzuri ana njia rahisi ya kujua ni silinda ipi. Injini ikiwa inazunguka polepole, anaondoa umeme wa silinda moja moja. Silinda yenye konrodi iliyolegea ikinyimwa moto, kugonga kunapungua papo hapo, kwa sababu hakuna tena mlipuko wa kuisukuma pistoni. Baada ya hapo mwambie amwage oili kwenye chombo safi, akipitishe kitambaa cheupe ndani yake. Vumbi linalometameta si jambo la kupuuza. Pitisha na sumaku: vipande vya biringi zenyewe, ule upande laini wa juu, havishikwi na sumaku, chuma cha krenki kinashikwa. Ukiona vya kushikwa vingi, uharibifu umeshafika ndani. Na biringi ikitolewa, iombe uishike mkononi. Iliyo nzima ina uso wa kijivu, laini, usio na mstari. Iliyochoka inaonyesha rangi ya shaba katikati, mahali ambapo tabaka la juu limeliwa.

Ukisikia mlio huu, zima gari. Usiende nalo hata gereji, livutwe. Likisimamishwa mapema, mara nyingi krenki inasuguliwa na biringi mpya zinawekwa za kipimo chake. Likiendeshwa hadi nyumbani, mkono unaweza kukatika na kutoboa bloku, na hapo hakuna cha kusugua. Amri hiyo hiyo ni ya taa nyekundu ya oili. Taa hiyo haisemi kwamba oili imepungua kidogo. Inasema presha ya oili imeanguka, na utando ule niliousema haupo. Dereva anayesema "nilikuwa nimebakiza kilomita mbili tu" ameshaiua injini kwenye kilomita hizo mbili.

Milio mingine ni midogo, na hofu isikupeleke mbio dukani. Mdundo mwepesi wa juu, ti-ti-ti, kwa kawaida ni tapeti au upungufu wa oili. Vuta kijiti cha oili kwanza kabla ya neno lolote. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox na Corolla nyingi za mji huu, haina tapeti zinazojirekebisha kwa oili, kwa hiyo nafasi za vali zinapimwa kwa fila geji. Anayekuambia atazirekebisha kwa sikio, mwache. Mlio unaofanana na huo lakini unaofifia injini ikipata moto unaweza kuwa gasketi ya manifoldi ya moshi inayovuja: chuma kikipanuka, upenyo unaziba. Tazama masizi meusi kwenye maungio. Ni kazi ya gharama ndogo, na nimeona watu wakitajiwa kufungua silinda hedi kwa ajili yake.

Mchakacho wa sekunde mbili tatu unapowasha asubuhi, kisha kimya, mara nyingi ni cheni ya taimingi na tenshena yake inayosubiri presha ya oili. Hapo una muda, ila si wa mwaka mzima. Hiace zenye injini ya dizeli ya 5L hutumia mkanda, si cheni, na mkanda haulalamiki kabla ya kukatika. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukinunua gari lililotumika, usiziamini kilomita za kwenye dashibodi. Badilisha mkanda uanze hesabu yako mwenyewe. Ukikatika injini ikiwa kwenye mwendo, vali zinakutana na pistoni.

Kelele kali ya mkanda wa alteneta asubuhi ya mvua si ugonjwa wa injini. Mngurumo wa mfululizo mbele ya injini unaweza kuwa biringi ya alteneta au ya pampu ya maji: fundi huchukua bisibisi ndefu, ncha yake akaigusisha kwenye kila kifaa, mpini akauweka sikioni, na kifaa kibovu kinajitaja. Ni kipimo cha zamani na bado hakijashindwa.

Sasa joto, na hapa sina haraka, kwa sababu Bujumbura ina mtihani ambao miji mingi haina. Mji uko kwenye usawa wa ziwa, mita 770 na kitu juu ya bahari. Ukishika barabara ya RN1 kuelekea Bugarama, kwa takriban kilomita 35 unapanda hadi karibu mita 2,200. Gari lina abiria, mizigo juu, kiyoyozi kimewashwa, mbele kuna lori linalojikokota na baiskeli zimelishika nyuma, kwa hiyo mwendo ni mdogo na upepo wa kuipoza rejeta ni mdogo. Na kadiri unavyopanda, maji yanachemka mapema. Chini mjini maji ya wazi huchemka kwenye takriban nyuzi 97. Bugarama ni karibu 93. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Unaona mwenyewe nafasi iliyobaki.

Kinachoziokoa injini zote zinazopanda kila siku ni kifuniko cha rejeta. Kinashikilia presha ndani. Juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, na presha hiyo inapandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 115 au zaidi, hata kule juu. Kifuniko hicho kina springi na mpira. Mpira ukikauka, springi ikilegea, au mtu akiweka kifuniko cha gari jingine kwa sababu "kinaingia", presha haikai. Mjini hutaona kitu. Utaona mlimani, maji yanaporuka kwenye chupa ya akiba na mshale wa joto unapoanza kupanda. Ni spea ya bei ndogo kati ya zote zinazohusu joto, na watu huifikiria mwisho, baada ya kubadilisha rejeta na pampu. Ibadilishe kwanza, kwa nambari ile ile iliyoandikwa.

Jambo la pili ni themostati. Kuna desturi ya muda mrefu katika gereji za Afrika Mashariki ya kuing'oa na kuitupa gari likichemka, eti maji yapite kwa uhuru. Ikatae desturi hiyo. Katika injini nyingi za Toyota themostati ina sahani ya pili chini inayofunga njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mlimani gari linachemka zaidi, na mjini injini inakwenda baridi, inakunywa mafuta mengi na kuchafua oili. Themostati hupimwa kirahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto na uangalie kama inafunguka, nyingi zikianza karibu nyuzi 82. Isipofunguka, nunua nyingine.

La tatu ni maji yenyewe. Maji ya bomba na ya mto yana chumvi na hewa. Yanajenga ukoko ndani ya rejeta na kutu kwenye pampu. Kulanti iliyochanganywa sawasawa inazuia vyote viwili na inapandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Ukiishiwa njiani weka maji, ndiyo, lakini ukifika uyamwage na urudishe kulanti.

Mshale ukipanda ukiwa mlimani, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho hata kama abiria watalalamika, tafuta mahali salama usimame. Usifungue kifuniko. Maji yaliyo chini ya presha yakipata upenyo yanageuka mvuke mara moja, na uso wa mtu hauponi haraka. Subiri mpaka bomba la juu la rejeta liweze kushikwa kwa mkono. Ndipo uongeze maji polepole. Maji baridi yakimwagwa ghafla kwenye injini ya moto, silinda hedi inapinda au inapasuka. Na kama umechemsha, usiendelee na safari kwa imani. Gasketi ya silinda hedi iliyoungua inajulikana: mapovu kwenye rejeta injini ikizunguka, maji yanayopungua bila kuvuja nje, moshi mweupe usioisha, oili iliyogeuka rangi ya maziwa ya chai. Hedi ikishatolewa, dai ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji kabla ya gasketi mpya kuwekwa, na boliti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena kwenye safari ya pili ya Bugarama.

Kuna mlio mmoja wa mlimani ambao hautokani na joto la maji. Ni mchakacho mkavu wa haraka unapokanyaga mafuta kwenye gia kubwa, unaopotea ukishusha gia. Mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake. Sababu inaweza kuwa masizi kwenye pistoni au plagi zisizo za kipimo, lakini katika miaka hii ya uhaba wa mafuta uliotusumbua tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020, mshukiwa wangu wa kwanza ni petroli yenyewe. Mafuta yanayouzwa kwa vidumu na chupa yamepita mikononi mingi, na mafuta ya taa yakichanganywa na petroli yanaipunguzia uwezo wa kuhimili mgandamizo. Simlaumu mtu anayenunua kidumu baada ya kulala kwenye foleni. Namwomba apime. Yaache mafuta yatulie kwenye chupa angavu: maji yakiwemo yatakaa chini, na mstari utauona. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi hukauka bila alama, yenye mafuta ya taa huacha duara la mafuta. Usihifadhi vidumu ndani ya nyumba wala kwenye buti lenye abiria.

Uhaba umeleta na tabia nyingine inayoua pampu: kuendesha na tangi karibu tupu wiki nzima. Kwenye magari mengi ya petroli pampu imo ndani ya tangi na inapozwa na mafuta yenyewe. Ukianza kusikia mlio mwembamba kutoka nyuma ya kiti, pampu inalalamika. Na wenye injini za D4, kama 1AZ-FSE ya baadhi ya Noah na Premio, wawe waangalifu mara mbili: pampu yake ya presha kubwa na nozeli zake hazivumilii uchafu ambao 1NZ-FE ingeumeza. Tena, kuzima injini mteremkoni kutoka Bugarama ili kubana mafuta ni hatari tupu. Msaada wa breki unakwisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani unakuwa mzito. Teremka kwenye gia. Injini ya kisasa ya petroli ikiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye mafuta, karibu haipokei mafuta hata kidogo.

Kuhusu oili nitasema mawili. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwa kazi ya mjini yenye vumbi na kusimama-simama badilisha kila kilomita 5,000, pamoja na chujio. La pili: makopo matupu ya oili yenye chapa kubwa yana soko, na si kwa ajili ya kuwekea maziwa. Kagua muhuri wa kifuniko kabla ya kulipa, na kopo lako likiisha, litoboe mwenyewe. Wenye 1ZZ-FE za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zinazopatikana kwenye RAV4 na Premio, wapime oili kila wiki; injini hizo zinajulikana kwa kuila bila kuvuja tone, na wengi hugundua taa ikishawaka.

Maji ya mafuriko ni jambo fupi lakini la kukumbukwa. Ziwa Tanganyika linapopanda, kama mwaka 2024, na Rusizi inapofurika upande wa Gatumba, magari huzimika ndani ya maji. Likizimika, usiwashe tena. Maji hayagandamizwi, yakiwemo ndani ya silinda, stata itapinda konrodi. Livutwe, plagi zitolewe, injini izungushwe kwa mkono maji yatoke, oili yote imwagwe, ndipo lijaribiwe.

Ikifika siku ya kununua injini iliyotumika, zile zinazotoka Japani au kwenye yadi za Sharjah na kuingia kupitia Dar es Salaam, usiinunue kwa kuiangalia sura. Injini iliyooshwa ikang'aa imefichwa uvujaji wake. Fungua kifuniko cha oili uangalie ndani: tope jeusi lililoganda ni historia ya mwenyewe wa kwanza. Ng'oa plagi uzitazame zote nne pamoja. Moja ikiwa na oili na tatu zikiwa kavu, silinda hiyo ina neno. Pima mgandamizo kwa geji, mafuta yakiwa yamefungwa na stata ikizungusha. Silinda zikaribiane, tofauti isizidi bari 1. Muuzaji akikataa geji, nenda duka la pili. Kubalianeni kwa maandishi siku ngapi za dhamana, na nambari ya injini iandikwe kwenye risiti, maana utaihitaji pia kwenye karatasi za gari.

Na injini ya zamani ikitolewa, usiiache gereji mpaka ujue ilikufa na nini. Waombe wafungue karta, yaani bakuli la oili, mbele yako. Kama chujio la kufyonzea oili limezibwa na tope, mifereji ya oili na kipoza oili vya zamani visafishwe kabla ya injini mpya kuunganishwa navyo, na oili ya kwanza imwagwe mapema, baada ya kilomita 500 hivi. Kama ilikufa kwa joto, rejeta ile ile na kifuniko kile kile visirudi kwenye gari.